Yule Aliyekuwa Mbele Wavuni

Jumatatu, 21 Juni 1993

Baridi. Ukungu umeifunika Mbinga tangu alfajiri. Tumechuma kahawa na mama mpaka vidole vikafa ganzi. Mama ananitazama mkono wa kulia, ulivyo mnene kuliko wa kushoto. Anasema miaka yote ya Dar nimerudi na mkono tu! Nilicheka.

Shirika lililotuajiri Dar limefungwa na timu ya mpira wa vinyoya imekufa nalo. Kwenye makaratasi tulikuwa makarani, lakini kazi yetu ilikuwa kucheza. Eunice na mimi, wawili wawili, mabingwa. Sasa yeye yuko kwao Liuli, ziwani. Mimi niko hapa na kikapu cha kahawa. Mabingwa wa nini tena?

Alhamisi, 24 Juni

Mgeni! Bwana Meshack, katumwa na klabu moja ya Nairobi. Ya watu binafsi. Wanamlipa mchezaji acheze tu — si karani, mchezaji! Alitufuata mpaka shambani na viatu vyake vya ngozi, akakatiza kwenye ngolo, yale mashimo tunayolimia mahindi, nusura avunje mguu.

Kule wana binti hodari aliyekosa wa kucheza naye. Wanataka mtu mmoja.

Mmoja?

Ndiyo, mmoja. Anasema alituona mwaka jana kwenye fainali. "Namtaka yule aliyekuwa mbele wavuni mwishoni, aliyekipiga kile kinyoya cha ushindi. Ni wewe au mwenzako?"

Kwenye wawili wawili mtu hakai mahali pamoja. Huyu akienda mbele, yule anarudi nyuma, mnabadilishana bila kuulizana. Nakumbuka kelele. Nakumbuka kinyoya kikianguka upande wao. Lakini mkono wa nani?

"Sijui," nikasema. Akadhani namtania. Ana shughuli zake Songea, atarudi Jumamosi ya wiki ijayo apate jibu.

Mama anashangaa. Si ungesema tu ni wewe, Bonifasia?

Kweli. Kwa nini sikusema?

Jumapili, 27 Juni — Liuli

Nimeteremka na lori la wachuuzi wa samaki. Mgongo wote unauma. Nikampa baba yake Eunice shikamoo, akanipokea kama mwanawe, akanielekeza ufukweni.

Eunice yuko kwenye chanja, anaanika usipa — dagaa wa huku. Kumbe ndiye anayewauzia wachuuzi wa Songea, na wanamwogopa! Amenenepa kidogo. Amependeza. Nikamweleza yote. Hakuacha hata kazi.

"Mbele nilikuwa mimi," akasema. "Hukumbuki? Uliteleza, ukarudi nyuma."

Kasema kama mtu anayesoma saa. Kwanza nikajisikia mwepesi. Halafu hasira! Hasira ya nini, na kwa nani?

Niliteleza kweli?

Jumatatu, 28 Juni

Asubuhi tunanawa uso ziwani. Eunice anasema, bila hata kunigeukia, jana alikosea. "Ulikuwa wewe."

Hivi hivi!

Nikamwuliza, lipi ni kweli? Naye akaniuliza kama nataka kwenda. Nataka. Sitaki uongo, nataka mno.

"Basi ulikuwa wewe."

"Huo si ushahidi, dada!"

Akacheka mpaka maji yakamwingia puani. Nikamwuliza na yeye je, hataki? Akasema jua linapanda, nimsaidie kugeuza usipa. Tukageuza, yeye upande huu, mimi ule, chanja baada ya chanja. Hatukugongana hata mara moja. Hakuna aliyesema shika hapa, pita kule.

Simwelewi. Ananipa nafasi yake, au ananirudishia yangu? Na kama ni yake nami nikaichukua — huyo binti wa Nairobi atakuwa anacheza na nani?

Ijumaa, 2 Julai

Nimesharudi nyumbani. Kesho nitasema ni mimi. Hapana, nitasema ni yeye. Chai nimeitia chumvi, mama kainywa yote bila neno. Ndipo nikajua nina sura mbaya.

Jumamosi, 3 Julai — Ukumbi wa parokia, Mbinga

Naandika hapa hapa kwenye benchi. Jasho linalowesha karatasi.

Eunice kaja! Hakuna aliyemwita. Kashuka kwenye lori ananuka samaki, raketi kaifunga kwenye khanga. Bwana Meshack hajamaliza hata salamu, Eunice kaninyooshea kidole: "Ni huyu." Na mimi papo hapo namnyooshea yeye: "Ni huyu."

Meshack akachoka nasi. Akasema basi, ingieni ukumbini mcheze, ninyi kwa ninyi, anayeshinda anaondoka nami.

Eunice akamwambia hatujawahi kucheza sisi kwa sisi. Ni kweli. Hata mazoezini tulikuwa tunakataa.

"Ndiyo maana," akasema Meshack.

Seti ya kwanza nimeshinda mimi. Ya pili yeye. Aliniachia? Sijui. Mimi nilimwachia? Hilo nalo sijui! Nilimpelekea kinyoya upande wa goti lake bovu, halafu nikamwambia pole mwenyewe. Seti ya tatu kinyoya kikapanda juu sana, na mdomo wangu ukaita "Chako!" kama siku zote — nikimwita nani? Eunice ng'ambo ya wavu akajibu "Changu!" akakishindilia miguuni kwangu. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Sisi hatukucheka.

Sasa tuko sawa kwa pointi. Kinyoya cha mwisho kimenyonyoka, Meshack kaenda gesti kuchukua vingine.

Miaka yote nimemjua Eunice kwa ubavuni. Bega lake, pumzi zake, mlio wa raba zake. Uso wake akiwa anacheza sijapata kuuona mpaka leo. Akiitaka pointi anauma mdomo kama mtoto. Seti ya pili alikuwa anauma mdomo. Ya kwanza hakuuma.

Heri nisingeyaona. Yuko hapa ubavuni mwangu, anafunga kamba za viatu. Nikamwuliza polepole: siku ya fainali, mbele alikuwa nani? Akanitazama.

"Boni, hata mimi sikumbuki. Kule ziwani nilikuwa nakuuliza wewe."

Meshack huyo anaingia na vinyoya vipya. Anasema haya, kila mtu upande wake. Eunice kainuka. Kaenda — lakini si upande wake. Kasimama upande wangu wa wavu, kulia, hatua moja nyuma ya mahali pangu, kama siku zote. Meshack anamwonyesha avuke. Havuki. Ng'ambo hakuna mtu. Eunice ananigeukia mimi hapa kwenye benchi, raketi iko juu tayari, na Meshack naye ananigeukia, ananiuliza sasa tunacheza na nani. Naweka kalamu chini, naenda mbele wavuni.