Fidla ya Kizungu, Upande A

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimeitwa! Mimi Swafia, mpiga fidla wa taarabu, nimeitwa nikapige konchato — fidla moja mbele, orkestra nzima nyuma. Jumamosi ya tarehe 15, ukumbi wa Buxton. Mpigaji wao amepata kazi Dubai, kaondoka. Barnabas, kiongozi wao, karani wa bandarini Kilindini, alinisikia mwezi jana akimngoja mkewe Ketty nje ya sherehe ya kupamba, ile ya wanawake. Nilikuwa ndani namtoa bibi harusi kwa sehemu ya pili ya konchato hiyo hiyo, niliyojifunza kwenye kaseti. Anasema alisimama dirishani mpaka askari wa mlangoni akamfukuza.

Dada yangu Fairuz ameanza: hujui kusoma noti hata moja, utapigaje na wasomi? Nimemwambia karatasi haipigi fidla. Miaka ishirini na mbili naijua konchato ile kwa sikio, mwanzo hadi mwisho. Hakuna wa kunifundisha.

Alhamisi, 6 Februari

Aibu. Aibu tupu!

Orkestra imeanza, nimengoja zamu yangu, nimeingia — paka wawili juu ya mabati! Mimi juu, wao chini, nusu sauti. Barnabas kasimamisha. Kwa adabu zake zote kasema, Bi Swafia, hii ni D minor. Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo, kwetu makamu ya Nahawandi, nyuzi zangu nazikaza kwa kufuata kaseti tangu usichana wangu. Akagonga piano. Piano nayo ikawa upande wake.

Nikalegeza nyuzi zote nne, vidole vikabaki vile vile. Haya, tena. Sasa mwendo! Nafika mwisho wa mstari, nageuka, wenzangu bado wako njiani. Oliver wa fidla ya pili, daktari wa meno, anayesoma noti kama gazeti, akacheka ndani ya kola.

Barnabas anasema labda Oliver apige mbele. Tuonane Jumatano. Nimesema sawa, Jumatano nipo. Nimerudi nyumbani na hasira, sikula.

Ijumaa, 7 Februari

Baada ya sala nimekwenda mtaa wa Ndia Kuu kwa Mzee Sheikhan. Zamani alikuwa na duka la kurekodi kaseti, siku hizi anawauzia watalii kofia na vikoi. Kaseti yangu ndiye aliyeirekodi, mwandiko wake upo mpaka leo: Fidla ya Kizungu, Upande A. Nimemwamkia, nikaiweka mezani. Mzee wangu, hii uliifanya nini?

Hakuona haya hata chembe! Akasema, upande mmoja wa kaseti dakika thelathini, mwanangu. Muziki huu thelathini na mbili. Wimbo ukikatika mwishoni wateja walikuwa wakinitupia kaseti usoni. Basi naikaza mashine kidogo, yote inaingia. Taarabu zote alizifanya hivyo, anasema, na mji mzima ulishukuru.

Nilitaka kumgombeza, nikacheka mpaka nikatafuta kiti. Mji mzima tumeimba juu kuliko sauti zetu kwa ajili ya ufupi wa utepe!

Jioni Fairuz amenipatia rekodi yenyewe kwenye simu. Sehemu ya pili ni kilio. Kilio, wallahi! Mtu amefiwa na anasema peke yake. Sheikhan aliiba punje ya muda, mimi na mpiga ngoma wa dumbaki tukabeba gunia, tukaufanya wimbo wa kuchezea. Maharusi wangapi nimewatoa kwa matanga? Astaghfirullah.

Fairuz kafungua mdomo: haraka haraka... Nimemkatiza. Methali ya darasa la pili hiyo.

Jumapili, 9 Februari

Polepole ni kazi! Upinde unaisha kabla ya sauti. Shingo inaniuma, chai imepoa mara tatu.

Lakini ngoja. Hii si taksimu tu? Ile tunayopiga peke yetu kabla ya wimbo, bila ngoma, unavuta sauti mpaka watu washushe pumzi. Hilo nani atanifundisha — daktari wa meno?

Jumatano, 12 Februari

Nimepiga. Nyuzi chini, mahali pake. Sehemu ya kwanza tumekwenda pamoja, salama salimini. Ya pili nimeivuta kitaksimu. Barnabas kafumba macho, mkono ukamsimama hewani. Orkestra ikapotea. Oliver leo hakucheka. Alivua miwani akaifuta.

Barnabas kasema, uzuri nimeusikia, lakini rekodi haiendi hivi. Hawa wapigaji kumi na mmoja watakufuata vipi? Piga mwendo wa rekodi, ama Oliver apige. Nikamjibu: mwalimu, rekodi moja imenidanganya miaka ishirini na mbili, ya pili siiamini upesi. Akakusanya karatasi zake, akasema jibu nitalipata siku yenyewe.

Nimejigamba, najua. Na nafasi ile naitaka, naitaka sana. Sijapata kutaka kitu hivi tangu niolewe. Ila ule mwendo wa rekodi hauingii tena mkononi. Nimejaribu usiku huu. Ni sahihi na umekufa.

Jumamosi, 15 Februari

Niko nyuma ya jukwaa, naandika juu ya goti. Kwaya inaimba wimbo wake wa mwisho, kisha ni sisi. Bado sijaambiwa nani atapiga mbele. Oliver kavaa suti, fidla mkononi. Mimi na buibui langu jipya, fidla mkononi. Tumeamkiana kama watu wanaogombea kiwanja.

Oliver ameinuka. Pale mbele anaposimama mpigaji palikuwa na stendi ya noti. Ameikunja, ameibeba, ameipeleka nyuma kwenye fidla za pili, ameketi. Hakunitazama.

Alhamdulillahi! Nafasi ni yangu!

Barnabas amekuja. Bi Swafia, leo mwendo gani? Nimemwambia, usiondoe macho usoni pangu, nikipumua nawe pumua. Na wakipotea? Wakipotea nitawangoja.

Ametoa kalamu mfukoni, amelikata lile neno linaloamuru mwendo, lililoandikwa juu ya ukurasa wake wa noti. Kalamu ingali mkononi. Hajaandika jingine.