Mwasi Kamwamkia Mfalme

Amne we, leo nimeadhirika!

Ile riwaya ya filamu niliyoitafsiri, ya waasi wanaopigana na dola inayotawala nyota zote, imetoka. Nimeifungua dukani kwa mchapishaji, Malindi. Mwishoni msichana mwasi anavunja mlango wa kasri, bunduki mkononi, anasimama mbele ya mfalme aliyechoma sayari tatu. Unajua anasema nini?

"Shikamoo."

SHIKAMOO, Amne! Na lile zimwi linajibu, "Marahaba, mwanangu."

Mimi sikuandika upuuzi huo! Muuzaji ananambia kaongeza Mzee Khelef, mhariri. Ati mfalme ana miaka mia nane, mtoto hamvai mtu mzima bila kumwamkia, watu watasema hatuna adabu. Adabu! Sayari tatu majivu, yeye anatafuta adabu! Na huyo mhariri mwenyewe husoma kwa kufuatisha kidole.

Nikapanda ngazi mbio hadi ofisini kwake, maneno ya kumpasha nshayapanga. Hata hodi sikupiga, nikausukuma mlango.

Akavua miwani, akanitazama.

"Shikamoo, Mzee Khelef."

Wallahi ilinitoka yenyewe.

"Marahaba, mwanangu. Umekipenda kitabu?"

Nikamwambia kizuri sana.