Nikainua wa Kushoto

Kikima, Jumapili jioni

Eti ni kutosamehe. Bega la kulia limeganda tangu kabla ya mvua, siwezi kuchana nywele wala kufunga sidiria, na mke wa pasta anawatangazia akina mama kwamba kuna mtu nimemwekea kinyongo. Mtu huyo ni yeye, lakini hilo Roho hakumfunulia.

Daktari wa viungo kule Wote alinieleza vizuri. Utando unaozunguka kiungo umevimba ukakaza, na sisi wa sukari hutupata sana. Dawa ni kupandisha vidole ukutani kila siku, polepole, hata mwaka mzima. Naogopa mkono hautarudi kama zamani.

Leo wakaniombea. Pasta akashika bega akalivuta, nikalia kwa uchungu, kanisa likasema pepo linatoka.

“Mama Mutheu, kama umepona, inua mkono.”

Nilitaka tu aache kuvuta. Nikainua wa kushoto.

Vigelegele. Wimbo. Na aliyeita haleluya kwa sauti kubwa kuliko wote ni pasta, akiwa bado ameshika bega la kulia.