Viputo kwenye Mpira wa Mafuta

Jumanne, 4 Machi
Ng'ombe nimekamua, mtori wa ndizi nimepika. Eliapenda kala kidogo, akatapika. Hospitali walisema nimrudishe nyumbani Kibosho, basi yuko nyumbani. Mume wangu kaisha mwili. Namgeuza kitandani peke yangu.

Leo tena kaomba jambo lile lile: aisikie injini yake mara moja tu kabla hajaondoka. Siyo mchungaji, siyo watoto. Injini! Kijeti cha ndege za kuchezea, hakizidi chupa ya chai, alichokifunga mezani kibandani tangu alipostaafu ufundi wa ndege. Kila Krismasi alikiwasha, ng'ombe wakakata kamba. Sasa mikono yake inatetemeka. Itabidi iwe yangu.

Alhamisi, 6 Machi
Haiwaki. Pampu ya mafuta inazunguka, naisikia, lakini mafuta hayafiki. Ananielekeza akiwa amelala, nami nakimbia kati ya chumba na kibanda.

"Betri kwanza, mama Neema." Betri nzima. "Chujio, basi."

Nimefungua chujio. Tope la kahawia. Nimenusa: ulezi! Galoni lake lilikuwa linavuja, nikayahamishia mafuta ya taa kwenye galoni la mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Mimi mwenyewe. Nilidhani nimelisuuza. Nilipomwambia alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Jumamosi, 8 Machi
Chujio safi, mafuta mapya, na oili nimechanganya kama alivyosema. Ikatoa moshi, ikatema moto kwa nyuma, ikazima. Nilipiga yowe. Mafuta ya majaribio ya asubuhi yalikuwa yametuama ndani; ilitakiwa niiinamishe yamwagike kwanza. Alikuwa ameniambia. Nimechoka, sisikii tena ninachoambiwa.

Naichukia hii mashine. Naandika hapa ili nisimwambie yeye.

Jumatatu, 10 Machi
Viputo. Nimeviona juani, vinapita kwenye mpira mwembamba unaopeleka mafuta kwenye pampu. Inanyonya hewa. Eliapenda anasema mpira umekakamaa, haubani tena kwenye maungio, nitafute mpya. Kumsikia mpaka niinamishe sikio. Mtori hagusi.

Wifi Ndeshi, dada yake, kaniambia niache upuuzi, nikae na kaka yake. Nikamjibu vibaya. Naogopa kwamba anasema kweli.

Jumanne, 11 Machi
Nilishuka Moshi mjini asubuhi, mvua, barabara utelezi mtupu. Nikamwacha na wifi. Duka la kwanza hakuna saizi, la pili hakuna. Kwa Harbinder wa spea ndiyo nikapata.

"Huu mlaini, mama, utabana vizuri," akasema. "Mzee hajambo?"

Nikasema hajambo.

Nilipofika nyumbani wanawake walikuwa wamekaa barazani, kimya. Nilijua kabla sijafunga mwavuli.

Wifi kanieleza. Pikipiki ilipita ikipanda mlima, ikinguruma. Eliapenda akafumbua macho, akauliza, "Imewaka?" Wifi akamwambia imewaka. Akatabasamu. Hakusema tena.

Kamdanganya ndugu yake anakata roho. Na mimi nilikuwa mjini nanunua mpira. Sijui nimchukie nani.

Jumamosi, 15 Machi
Tumemzika kihambani, shamba la ukoo, kwenye migomba, karibu na baba yake. Watu wengi. Nimesalimiwa sana. Sikumbuki nani.

Jumapili, 23 Machi
Wageni wameondoka. Watoto nao jana. Nyumba imepoa.

Baada ya ibada nimeingia kibandani. Nimekata mpira mpya, nimeufunga, nikachomoa ule unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye injini, nikauelekeza kwenye kikombe. Nikaiendesha pampu peke yake. Mafuta yakaja, laini, bila kiputo hata kimoja. Nimelia hapo hapo nimesimama.

Wifi alikuwa mlangoni, sijui tangu saa ngapi. Macho yake mekundu.

"Iwashe basi, wifi," akasema.

Nikamwambia kaka yake alishaisikia.

Akanishika mkono. Nikazima pampu, nikayarudisha mafuta kwenye galoni, tukaenda kukata majani ya ng'ombe.