Pengo la Shilingi Themanini

Chebet,

Nyanya yako anakusalimu. Mguu umepona na ameanza kutukaripia tena. Unauliza kama ujaze pengo la hesabu ya chama chenu kwa pesa yako kabla ya mkutano wa mwaka. Umemuuliza bingwa.

Mimi niliishia darasa la sita, lakini hapa Sosiot hakuna aliyenishinda kujumlisha, ndiyo maana chama chetu cha wanaume kilinipa kazi ya mweka hazina nikiwa kijana. Mwaka mmoja, baada ya bonasi ya majani chai, wanachama wote walilipa ada, na bado shilingi themanini zikakosekana. Niliogopa kunyang'anywa kitabu cha hesabu. Nikauza jogoo wangu, nikajaza.

Mkutanoni nikasoma kwa maringo. Mwenyekiti akatoa risiti mfukoni.

"Themanini nilichukua mimi, nikanunua sukari ya matanga, nikasahau kukuambia. Sasa kijana, hizi zako zimetoka wapi?"

"Ni za jogoo, mzee."

"Na huyo jogoo ni mwanachama?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kitabu waliniachia. Lakini kwa miaka mingi, hesabu yangu ikikaa sawa waliikagua mara mbili, na ikiwa na pengo waliiamini papo hapo.

Babu yako, ambaye bado anakushinda kujumlisha.