Viazi vya Nyuma ya Jiko

Mwera, Pangani

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Shangazi yako kajifungua salama, mtoto wa kike.

Unauliza kwa nini watu wa kale waliacha kuokota chakula porini wakaanza kulima. Mimi sikuwapo. Ila miaka ya hamsini, nikiwa msichana, tulipata njaa, nikawa nakwenda msituni kila siku kuchimba viazi vya porini. Mama alikuwa mgonjwa, na njia nzima nilihofia kumkuta amekufa.

Akaniambia, "Vichwa vya viazi, huku kwenye shina, usitupe, mwanangu. Vifukie nyuma ya jiko."

Nilinung'unika, nikafukia.

Mvua zikaja, zikapita. Njaa iliporudi nilikuwa nishabeba kikapu, mama akaniita, "Wenda wapi? Chimba hapa hapa."

Kikatoka kiazi kinene kama paja la mtoto, na chini yake kingine. Nikakaa pale pale kwenye udongo nikalia kwa faraja, mama ananicheka. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu augue, nilishinda naye.

Nadhani hao wa kale nao walikuwa na mtu nyumbani waliyeogopa kumwacha.

Bibi yako akupendaye,
Mwanaisha