Wimbo Wako Niliousahihisha

Simau, ndugu yangu,

Jana mdogo wako Damasi alinipiga mbele ya mkeo, uani kwako Likombe, watu wakiwa wamekaa kwenye mikeka kwa ajili ya arobaini yako. Ngumi ya kwanza ilinipasua mdomo wa juu. Ya pili ilinikuta nimeshaanza kuanguka, ikanimalizia juu ya masufuria. Nina miaka sitini na nne. Mwili huu hauna tena mahali pa kupokelea ngumi. Lakini sikuinua mkono kujikinga, na wewe ndiye wa kwanza kustahili kujua kwa nini, maana nilikudanganya ukiwa hai na sikupata ujasiri wa kukuambia.

Niache nianzie mbali. Ulikuwa unasema, "Mwalimu ukimwuliza saa, atakueleza kwanza jua linavyotembea." Ni kweli, na leo sina njia nyingine.

Tulipokutana Magomeni, hapahapa Mtwara, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa nafundisha shule ya msingi, na Jumamosi napiga gitaa la kusindikiza katika bendi. Muziki niliupata kwenye kwaya ya misheni, baadaye chuo cha ualimu. Do, re, mi ubaoni, fimbo mezani. Ukikosea unachapwa kiganjani, kisha unaimba tena kiganja kikiwaka moto. Nilijua mi ilipo kwa sababu iliniuma. Wewe ulivuka mto Ruvuma ukikimbia vita, gitaa limefungwa kwenye gunia, na mkono wa kushoto wenye vidole vitatu. Cha pete na kidogo vilikatwa kwa panga na askari, kwa sababu ulikataa kuachia usukani wa baiskeli yako. Hukuwahi kueleza zaidi ya hapo. Nilikuuliza kama baiskeli uliipata, ukanitazama mpaka nikaona haya.

Kwa vidole vile mtu hawezi kubana nyuzi za gitaa jinsi vitabu vinavyotaka. Kwa hiyo ulizilegeza. Uzi mnene uliushusha sauti moja nzima. Uzi wa pili uliushusha kidogo tu, pungufu ya nusu sauti, ukakaa mahali ambapo vitabu vyangu havina jina lake. Haukuwa mi, wala haukuwa ile mi ya huzuni iliyoshushwa. Ulikuwa katikati. Damasi, aliyekuwa anapiga besi, alijua kwamba gitaa la kaka yake haliguswi. Bendi nzima ilijua. Mimi niliona halijatyuniwa.

Tukabishana miaka sita. Nilisema mpiga gitaa asiyejua nadharia ya muziki ni kama fundi anayejenga gizani. Nyumba huenda ikasimama, lakini akiulizwa kwa nini imesimama hana jibu. Ukanijibu kwa ile lafudhi yako ya Kimakonde, "Ntu akilia nsibani, Mwalimu, unamwuliza analia kwa nota ipi?" Damasi alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka, ila moyoni niliandika deni. Mtu aliyesoma hapendi kuchekwa na asiyesoma. Hilo nalisema sasa, wakati huo nililiita kupenda usahihi.

Ndipo ikaja harusi ile ya Likombe. Ulipokwenda nyuma ya nyumba kula pilau, nilitoa uma wangu wa kupimia sauti, nikakaza nyuzi zako zote sita mpaka zikawa sawasawa na kitabu. Nilifanya kwa nia njema. Nimeandika sentensi hiyo, nikaiangalia, na inanichefua.

Ulipanda jukwaani ukapiga mara moja. Ikatoka kelele. Ukapiga tena, vidole vyako viwili vikienda palepale vilipozoea na kukuta pamehamishwa. Kina mama wakaanza kuguna. Mmoja akapaza sauti, "Huyo anapiga gitaa au anakuna nazi?" Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Bwana harusi mwenyewe alicheka. Ukajaribu mara ya tatu, kisha ukaangalia vifungo vya nyuzi, kisha ukaniangalia mimi.

Uliliweka gitaa kwenye kiti polepole, kama mtu anayelaza mtoto, ukaja ukanipiga kichwa cha pua. Damu ilinijaa mdomoni. Ukasema neno moja tu: "Umeingiza nkono ndomoni mwangu."

Nikashika stendi ya maiki. Ilikuwa ya chuma. Watu hadi leo wanasema nilikupiga mara moja. Nilikuwepo, Simau, na nilikupiga mara tatu. Ya kwanza ilikwenda begani. Ya pili ulijikinga kwa mkono wa kushoto, nikausikia mfupa. Ya tatu nilipiga nikiwa nimeshausikia.

Vita vilichukua vidole viwili. Vilivyobaki nilivichukua mimi.

Askari alipokuja wodini ulimwambia umeanguka kwenye mkorosho. Haukuwa msimu wa korosho, na shati lako lilikuwa la harusi. Askari akacheka, akafunga daftari lake. Nilikuwa mlangoni nimeshika chungwa ulilokataa kula. Mfupa ukaunga kombo. Miaka mitatu ukinikuta njiani Shangani ulitema mate ukavuka upande wa pili. Nilikuwa nashukuru kwamba unatema chini.

Halafu siku ile ya mvua ukaja kwangu bila kubisha hodi, umelowa, mkono umeukunja kifuani. "Nkono umekufa," ulisema, "lakini wimbo wa mama unanisumbua. Hauna pa kutokea. Uandike wewe." Ule wimbo wa kumuaga mama yako aliyebaki ng'ambo ya mto, ambao ulikuwa unaupiga watu wakishaondoka. Hukuja kwa sababu umenisamehe. Ulikuja kwa sababu Mtwara nzima hukumjua mwingine anayeandika nota. Ulikaa kitini pangu na kuanza kuimba mstari mmoja mmoja, ukigonga mapigo mezani kwa mkono mzima.

Sasa nisikilize.

Kila ulipofika kwenye ile sauti ya uzi wa pili, uliiimba palepale katikati, bila kukosea, mara ishirini. Niliisikia. Nina masikio mazuri, ni kitu pekee ambacho fimbo ya misheni ilinipa. Na kila mara niliandika mi. Mstari wa tatu ulikuwa na mapigo matano, mingine yote ilikuwa na manne. Pigo lile la tano ndipo ulipovuta pumzi kabla ya kulitaja jina la mama yako. Nikalikata, ili mistari ilingane. Nilijiambia koo lako limechoka, ni koo la mtu wa uraka, ile pombe ya mabibo. Nilijiambia nakusaidia. Nilikuwa nimekuvunja mkono kwa jambo hilihili, na bado kalamu ilikwenda kulekule, yenyewe, kama mbuzi anayejua zizi.

Ukaniuliza, "Mwalimu, umeandika kama nilivyoimba?"

Nikasema, "Kama ulivyoimba."

Hukuweza kusoma kilichoandikwa. Ukapaka wino kwenye kidole gumba ukagonga chini ya ukurasa, ukicheka, ukasema sasa imekuwa hati, hata hakimu hawezi kuipinga. Tangu hapo ulikuwa unanisalimu. Ulikuja hata kula ming'oko, ile mizizi ya porini, nyumbani kwangu. Nilipokea salamu zako miaka yote hiyo nikijua nimezipata kwa njia gani.

Presha ilipokuchukua, kaburini Damasi alinikaba shingo. Nilikuwa nimeinama kuchota udongo. "Ondoka! Udongo wako usimguse kaka yangu!" Wanaume wanne walimbandua vidole vyake kooni mwangu. Nilirudi nyuma nikasimama kwenye majani mpaka mwisho.

Lakini mkeo akataka wimbo wa mama upigwe siku ya arobaini, na wimbo ulikuwa kwenye daftari langu. Damasi akaja. Hakukaa nilipomkaribisha. "Nimekuja kwa ajili ya shemeji, mzee, si kwa ajili yako." Mwezi mzima nilimwonyesha kila nota inakaa uzi upi, sehemu ipi. Mikono yake ya besi ni mizito, ila alikazana mpaka ncha za vidole zikachanika. Na kila akifika mahali pale alisimama. "Hapa pana kitu, Mwalimu. Hapa kaka alikuwa anafanya kitu." Nikamwambia afuate karatasi. Alisimama tena siku nyingine, nikamwambia tena. Yule kijana alikuwa na ukweli masikioni, na mimi nilimfundisha kutojiamini.

Jana akaupiga. Hakukosea hata mahali pamoja. Watu walitikisa vichwa kwa adabu. Mkeo alikuwa anamenya mihogo, akaweka kisu chini akasema, "Wimbo mzuri. Wa nani?"

Simau, hakuna stendi ya chuma inayopiga namna ile.

Damasi akasema, "Wa kaka, shemeji. Si ule wa mama?"

"Ule nimelala nao miaka kumi na minane," mkeo akasema. "Siyo huo."

Damasi akaanza kujipiga kichwani kwa kiganja. "Ni mimi, ni mimi, nina mikono ya mpumbavu." Akashika gitaa shingoni, akalinyanyua juu ya mafiga ili alipasue. Lilikuwa gitaa lako. Nilikuwa na muda wa kutosha kufikiri, usidhani nilighafilika. Nilifikiri hivi: likivunjika, lawama inabaki kwake, daftari langu linabaki safi, na baada ya miaka miwili hakuna atakayekumbuka. Nikafikiri yote hayo huku nikiuona uso wake.

Nikasema, "Si wewe. Karatasi ndiyo inayosema uongo. Nilimsahihisha."

Alilishusha gitaa kwanza. Hilo naomba ulijue, alilishusha vizuri. Ndipo akaja. "Alikuamini!" na ngumi. "Hakujua kusoma!" na nyingine. Mkeo hakumzuia. Alipokuja kuniinua kwenye masufuria alinishika kwenye mkono wa shati, si mkononi.

Nimelala na mdomo umevimba nikiufikiria ule ubishi wetu. Nilikuwa nasema mpiga gitaa ajifunze nadharia ili apige vizuri. Nilikosea. Wewe ulipiga vizuri kuliko mimi kabla hujasikia kwamba kuna kitu kinaitwa nadharia, na ulikuwa na nadharia yako, ila ilikaa kwenye vidole viwili na haikuwa na mwalimu wa kuitetea. Nawe ulikosea. Ulidhani anayejua kulia hahitaji kujua nota. Hukufikiri kwamba siku moja utakaa mbele ya mtu mwenye kalamu, akiandika kilio chako, na hutaweza kuinama mezani na kusema: hapana, sivyo, futa. Tumewaona watu wangapi wakigonga dole gumba chini ya maneno wasiyoyajua? Muziki nao una karatasi zake. Sikio lako lilijua, karatasi yangu haikujua, na sikio limezikwa, karatasi imebaki. Mpiga gitaa ajifunze ili asiandikwe na watu kama mimi.

Leo asubuhi nilirudi Likombe na daftari. Sikuitwa. Mkeo aliimba, Damasi akalegeza uzi wa pili kidogo kidogo. "Bado. Bado. Umepita, rudi," mkeo akasema. Kisha akajifunika uso kwa kanga, tukajua tumefika. Nikaikata kila mi niliyoiandika, na kwa kuwa kitabu hakina alama ya sauti ile nikachora mshale mdogo unaoangalia chini. Pigo la tano nimelirudisha. Mkeo alipolitaja jina la mama yako baada ya pumzi ile, Damasi alitoka nje akapiga teke ndoo, ikaruka mpaka kwa jirani.

Aliporudi hakunitazama. Akasema, "Hizo nota, nifundishe zote."

Nilidhani ni msamaha. Nikaanza kumshukuru, akanikatiza.

"Usinishukuru, mzee. Nifundishe mpaka niweze kukushika ukidanganya."

Kwaheri, Simau. Msamaha wa mkono sikuombi, ule nitaufuata mwenyewe huko uliko, uniambie usoni. Ila hili nakuahidi: Damasi atakuja kwangu kila Jumapili, nami sitamficha kitu ninachokijua, hata kile kinachonifanya nionekane mkubwa. Nitamfundisha mpaka siku atakayoinama mezani kwangu, aweke kidole juu ya mstari nilioandika kwa mkono wangu, na aseme, "Hapa umeongopa, Mwalimu. Futa."

Na nitafuta.

Mimi,
Mwalimu Bonifasi